MRI ya mdogo wangu imetoka safi. Je, lupasi imepanda kichwani?

"Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kike ana miaka 27, anauza vitenge sokoni. Mwaka jana mwezi wa saba vidole vilianza kuvimba, nywele zikakatika, akatoka upele mashavuni, na baada ya kuzunguka hospitali tatu akaambiwa ana lupasi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Akaanzishiwa haidroksiklorokwini na prednisoloni miligramu 10. Mwezi wa kwanza mwaka huu aliacha ile haidroksiklorokwini, kwa sababu watu walimwambia ni dawa ya malaria na yeye malaria hana. Mwezi wa pili akaanza kusahau: anarudisha chenji mara mbili kwa mteja yuleyule, anaacha maharage jikoni mpaka yanaungua. Tarehe 4 mwezi wa tatu viungo vilizidi, prednisoloni ikapandishwa mpaka 50. Siku ya tisa hakulala kabisa, akaanza kusema majirani wanamteta ukutani. Tarehe 20 akaanguka, akakakamaa, povu likamtoka, kama dakika tatu. Picha ya MRI ikasema ubongo ni wa kawaida, tukarudi nyumbani. Daktari mmoja anasema ni dawa zimemchanganya, mwingine anasema lupasi imepanda kichwani. Mama anasema ni majini. Sasa miguu imevimba na mkojo unatoa povu. Kitu kingine, miaka mitatu iliyopita mimba yake iliharibika ikiwa na miezi minne, na kliniki walimwambia ana kaswende, lakini mume alipopimwa hana. Je, kuna kipimo kimoja kitakachotupa jibu? Tupime kingamwili zipi? Tuache dawa? Mimi ni dada yake, ndiye ninayemtunza."

Marahaba, dada. Pole sana, na hongera kwa kuandika tarehe. Nitakueleza baadaye kwa nini tarehe zako zina thamani kuliko unavyodhani. Lakini kwanza nianze na mstari ulioutaja mwishoni mwishoni kana kwamba ni jambo dogo: miguu imevimba na mkojo unatoa povu. Mtu mwenye lupasi aliyepata degedege, akavimba miguu na kutoa mkojo wa povu, hatakiwi kuwa nyumbani. Huenda figo zinavuja protini na presha imepanda, na presha ikipanda ghafla inaweza yenyewe kuuvimbisha ubongo sehemu ya nyuma, ikaleta kichwa kuuma, macho kuona ukungu, kuchanganyikiwa na kifafa. Mpelekeni leo. Apimwe presha, mkojo na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, kabla ya mtu yeyote kuendelea kubishana kama ni dawa au ni lupasi. Mengine yote ninayoandika hapa msome akiwa kitandani hospitalini.

Sasa swali lako. Unauliza kama kuna kipimo kimoja. Hakuna, dada, na si kwa sababu mko mbali na mji au hamna fedha za kutosha. Hata kwenye hospitali kubwa kabisa za Ulaya na Marekani hakuna tone la damu wala picha inayosema "hii ni lupasi ya ubongo". Utambuzi wake unatokana na mtu kukaa chini, kupanga matukio kwa mfuatano, na kuondoa kimoja kimoja vyote vingine vinavyoweza kuleta hali hiyohiyo. Kwa hiyo wale madaktari wawili hawakudanganyi. Kila mmoja ameshika upande wake, na hakuna kati yao aliye na ushahidi kamili mkononi bado.

Mwaka 1999 kamati ya madaktari wa Marekani waliobobea katika magonjwa haya iliorodhesha sura 19 ambazo lupasi inaweza kujionyesha nazo kwenye mfumo wa fahamu. Sura 12 ni za ubongo na uti wa mgongo: kifafa, kiharusi, kuchanganyikiwa akili, kusahau, huzuni kubwa, miguu kupooza ghafla na kadhalika. Saba ni za mishipa ya fahamu ya nje, kama ganzi ya mikono na miguu. Utaona mara moja tatizo liko wapi. Karibu kila kitu kwenye orodha hiyo kinaweza pia kumpata mtu asiye na lupasi kabisa. Na wagonjwa wapya wa lupasi walipofuatiliwa katika nchi mbalimbali, ilionekana kwamba matatizo mengi ya kichwa na akili waliyoyapata hayakuletwa na lupasi yenyewe. Takriban theluthi moja tu ndiyo iliyoweza kuhusishwa nayo. Ndiyo maana daktari mzuri akisikia "ana lupasi na amechanganyikiwa", swali lake la kwanza ni: kuna nini kingine?

Kuhusu MRI. Watu wengi huichukulia kama hukumu. Hebu fikiria redio iliyofunguliwa mfuniko ikapigwa picha. Picha itakuonyesha waya uliokatika au kipande kilichoungua. Haitakuonyesha kwamba redio haishiki stesheni. MRI ya kawaida inaangalia umbo la ubongo; haiangalii ubongo unavyofanya kazi. Takriban nusu ya watu wenye lupasi ya ubongo picha zao hazionyeshi kitu. Na kinyume chake pia kipo: wenye lupasi wengi wana vidoa vyeupe kwenye picha na akili zao ni timamu. Kwa hiyo karatasi yenu inatuambia jambo moja la maana sana, kwamba siku ile hapakuwa na uvimbe mkubwa, wala damu iliyovuja, wala kiharusi kikubwa. Haijasema kwamba lupasi haihusiki.

Lupasi inaufikia ubongo kwa njia kuu mbili, na tofauti hii ndiyo inayoamua dawa. Njia ya kwanza ni mishipa ya damu kuziba. Baadhi ya wagonjwa wana kingamwili zinazoitwa za antifosfolipidi, ambazo hufanya damu igande upesi ndani ya mshipa. Mshipa mdogo ukiziba, kipande cha ubongo kinakosa damu, na hapo utaona mdomo kwenda upande au mkono kulegea, wakati mwingine kwa dakika chache tu. Njia ya pili ni uchochezi, yaani mwili kuwaka na kuvimba kwa ndani kinga inapoushambulia. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta mwembamba unaochuja kinachopita. Ugonjwa ukipamba moto ukuta huo hulegea, na kingamwili pamoja na kemikali za uchochezi huingia na kuvuruga mawasiliano ya seli. Hapo hakuna kilichokatika, kwa hiyo picha ni safi, lakini mtu hajui tena amerudisha chenji au la.

Mfano wako wa chenji ndio ulionifanya nisite. Mfanyabiashara wa vitenge anayepiga hesabu kichwani tangu asubuhi, ghafla anarudisha chenji mara mbili kwa mteja yuleyule: hicho ni kipimo cha ubongo tosha, na hakuna mashine inayokipima vizuri kuliko yeye alivyokuwa akikipima kila siku bila kujua. Wodini mimi huwapa wagonjwa karatasi tupu, nawaomba wachore uso wa saa na mishale inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Wengine hurundika namba zote upande mmoja. Mwombe daktari afanye naye hilo, aweke tarehe, alirudie baada ya wiki mbili za matibabu.

Turudi kwenye tarehe zako. Mwezi wa kwanza aliacha haidroksiklorokwini. Mwezi wa pili akaanza kusahau. Wakati huo alikuwa kwenye prednisoloni miligramu 10 tu, dozi ndogo ambayo mara chache sana huvuruga akili. Tarehe 4 mwezi wa tatu dozi ikapanda mpaka 50, na siku ya tisa ndipo usingizi ukakata na sauti zikaja. Hiyo inalingana kabisa na steroidi, kundi la dawa ambalo prednisoloni ni mojawapo, kwa sababu kuchanganyikiwa kunakoletwa na steroidi kwa kawaida huja ndani ya siku chache hadi wiki mbili tangu dozi ipande, na mara nyingi huanza na kukosa usingizi. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 1972 ulikuta matatizo ya akili kwa wagonjwa 1.3 kati ya 100 waliotumia miligramu 40 au pungufu kwa siku, 4.6 kati ya 100 kwenye miligramu 41 hadi 80, na 18.4 kati ya 100 waliozidi 80. Mdogo wako yuko katika kundi la kati. Na kama figo zinavuja protini, albumini ya damu inashuka, na albumini ikiwa chini hatari hiyo huongezeka.

Lakini kifafa steroidi hukileta kwa nadra, na kule kusahau kulitangulia. Kwa hiyo nikikusoma tu, bila kumwona mgonjwa, siwezi kumpa ushindi daktari yeyote kati ya wale wawili. Inawezekana lupasi ilianza kumgusa ubongo mwezi wa pili, kisha dozi kubwa ikaongeza sauti juu yake. Inawezekana pia kifafa kilitokana na presha na figo. Hata mambo matatu yanaweza kumkuta mtu mmoja kwa mwezi mmoja, na hilo si la ajabu katika ugonjwa huu.

Kuna jambo la nne, na kwetu hili ndilo linaloniogopesha zaidi: maambukizi. Dawa za kushusha kinga humfungulia mlango kifua kikuu, na kifua kikuu kikiingia kwenye utando wa ubongo huja taratibu, kwa wiki kadhaa, na kusahau, kubadilika tabia, kisha kifafa. Vilevile fangasi ya kriptokoka. Miaka iliyopita nilimpokea binti, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa na lupasi na amechanganyikiwa. Kila mtu, nikiwemo mimi, alishaamini ni lupasi ya ubongo, na dawa kali za kushusha kinga zilikuwa zimeshaandikwa. Usiku ule daktari mdogo wa zamu alisisitiza tutoe kwanza maji ya uti wa mgongo. Majibu yakaonyesha kifua kikuu. Tungemchoma zile dawa asubuhi bila kuanza tiba ya kifua kikuu, tungemuua. Tangu hapo simruhusu mtu yeyote kuruka hatua hiyo.

Najua kipimo hicho kinavyoogopwa. Ndugu hukataa kusaini kwa sababu wamesikia kinapoozesha. Uti wenyewe wa fahamu kwa mtu mzima huishia juu kidogo ya kiuno, na sindano huingizwa chini ya hapo, mahali ambapo kuna nyuzi za fahamu zinazoelea kwenye maji. Atachomwa ganzi, atalala kwa upande amejikunja, na huenda kichwa kikamuuma kwa siku chache. Basi. Kwa kuwa MRI haikuonyesha uvimbe, njia iko wazi, mradi daktari ahakikishe chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hazijashuka mno. Maji hayo yaangaliwe seli, protini na sukari, yapimwe kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert, na kriptokoka. Yakitoka safi, au yakiwa na seli chache na protini iliyopanda kidogo bila mdudu, hapo hoja ya lupasi inapata nguvu.

Vipimo vya damu ninavyotaka aanze navyo ni vya kawaida na vingi vinapatikana kwenye hospitali za rufaa: picha kamili ya damu, sukari, sodiamu, kreatinini, malaria, VVU, na CRP, protini inayopanda mwili ukiwa na maambukizi au uchochezi. CRP ikiwa juu sana kwa mtu mwenye lupasi, fikiria maambukizi kwanza, maana lupasi yenyewe mara nyingi haiipandishi kiasi hicho. Kisha vile vinavyosema lupasi imeamka au imelala: kingamwili za dsDNA, na protini za C3 na C4, ambazo hushuka ugonjwa unapopamba moto. ANA, ile kingamwili inayopimwa mwanzoni kutafuta lupasi, msirudie. Ilishasaidia mwanzoni, na haipimi ukali wa ugonjwa. Hata damu ikizimuliwa mara 80 kabla ya kupimwa, watu wazima wenye afya 13 hivi kati ya 100 wanayo. EEG, ile inayosoma umeme wa ubongo, ifanyike kwa sababu ya kifafa, ingawa nayo ikitoka safi haifuti kilichotokea.

Mtaambiwa labda kuna kipimo cha kingamwili za ribosomu P, na maabara binafsi hutuma sampuli nje kwa gharama kubwa. Tangu miaka ya 1980 kimehusishwa na kuchanganyikiwa akili kwa wenye lupasi. Kikitoka chanya kinaongeza uzito kidogo, kikitoka hasi hakiondoi kitu. Kama fedha ni za kuchagua, mimi ningeziweka kwenye vipimo vitatu vya antifosfolipidi: lupasi antikoagulanti, antikadiolipini na beta-2 glaikoproteini.

Nasema hivyo kwa sababu ya ile mimba na ile kaswende. Vipimo vya zamani vya kaswende, VDRL na RPR, hutumia mafuta ya kadiolipini, na mwenye kingamwili za antifosfolipidi anaweza kuonekana ana kaswende wakati hana. Mimba kuharibika baada ya wiki 10 bila sababu nyingine ni dalili nyingine ya hali hiyohiyo. Sisemi ndivyo ilivyo kwake. Nasema mambo haya mawili yakikaa pamoja kwa mwanamke mwenye lupasi, ni lazima apimwe, na vikitoka chanya virudiwe baada ya wiki 12, kwa sababu maambukizi ya kawaida huweza kuvipandisha kwa muda. Kaswende nayo irudiwe kwa kipimo cha TPHA ili jambo hilo liishe. Naomba mmwambie mume wake hilo mapema. Nimeona ndoa zikivunjika kwa karatasi moja ya VDRL.

Kuacha dawa: hapana. Prednisoloni aliyoitumia kwa miezi kadhaa haiachwi siku moja. Mwili huenda umeshaacha kutengeneza steroidi zake wenyewe, na ukizikata ghafla presha inaweza kuanguka na kumtoa uhai. Kama madaktari wataamua ni steroidi zilizomvuruga, watashusha hatua kwa hatua na kumpa dawa ya kutuliza akili kwa muda, na wengi hurudi sawa ndani ya siku hadi wiki chache. Haidroksiklorokwini nayo, muulizeni daktari airudishe. Ni kweli ilianza kama dawa ya malaria, lakini kwenye lupasi inatuliza kinga, na hapaswi kusubiri malaria ili ainywe. Utafiti wa Kanada wa mwaka 1991 uliwabadilishia baadhi ya wagonjwa waliotulia dawa hii kwa vidonge bandia. Wakapata milipuko mara 2.5 zaidi ya walioendelea nayo. Dozi isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ipangwe upya kama figo ni dhaifu, na macho yapimwe.

Ikithibitika kadiri inavyowezekana kwamba ni uchochezi wa lupasi, tiba ni nzito: methilprednisoloni ya mshipa kwa siku tatu hivi, na mara nyingi siklofosfamidi, dawa kali ya kushusha kinga, kwa miezi kadhaa. Siklofosfamidi inaweza kudhuru mayai ya uzazi. Ana miaka 27 na amepoteza mimba moja, kwa hiyo aulizwe mwenyewe, akiwa na akili iliyotulia, au wewe umuulize daktari kwa niaba yake, kuhusu kulinda uzazi na dawa mbadala. Muulizeni pia daktari kuhusu ivermectin kabla ya steroidi nyingi, maana kuna minyoo ya strongiloidi inayokaa kimya tumboni miaka mingi kisha ikasambaa mwilini kinga ikishushwa. Ikiwa tatizo ni damu kuganda, dawa ya msingi ni wafarini, inayozuia damu kuganda, na kuifuatilia kunahitaji kupima INR, yaani damu inaganda kwa kasi gani, mara kwa mara. Na wakati mwingine, vipimo vyote vikiisha na shaka ikabaki, tunatibu kile kilicho hatari zaidi kukiacha, kisha tunaangalia mgonjwa anaitikiaje. Msishangae mkiambiwa hivyo. Ni njia halali.

Mama yako msimdharau. Kwake binti anayesikia sauti ukutani ana maelezo ambayo ameyajua tangu utoto, na hofu yake ni upendo. Mwacheni asome dua, hata kando ya kitanda cha wodini. Ninachomwomba ni vitu vitatu: asifungwe kamba, asinyweshwe mitishamba wakati figo hazijajulikana zikoje, na asikatishwe vidonge. Usimbishie mgonjwa naye kuhusu majirani. Mwambie, "Mimi sisikii, lakini naona unaogopa, nipo hapa."

Degedege likirudi, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, tazameni saa. Msimwekee kijiko mdomoni. Likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, ni dharura. Vivyo hivyo mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, homa pamoja na shingo kukakamaa, macho kufifia, au kusema anataka kufa. Na likija hili moja, miguu kufa ganzi huku mkojo ukigoma kutoka, kila saa ina maana. Hapo huenda uti wa mgongo ndio umeshambuliwa.

Ikiwa mko mikoani, anzeni hospitali ya mkoa leo kwa presha, figo na usalama wake, kisha ombeni rufaa kwenda kwenye ngazi ya kanda au taifa, kama Bugando, KCMC au Muhimbili. Nakili zile tarehe zako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: lini dawa gani ilianza, ilipanda, iliachwa, na siku ya kila dalili. Bebeni pakiti zote za dawa, hata tupu. MRI chukueni CD yenyewe pamoja na karatasi, kwa sababu aliyeisoma mara ya kwanza huenda hakuambiwa kwamba mgonjwa ana lupasi, na nataka mwingine aitazame upya sehemu ya nyuma ya ubongo akijua anatafuta nini.